Kuiandaa baiskeli ya changarawe iliyozoea lami iweze kupita njia za porini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye baiskeli ya changarawe iliyoelemea upande wa lami: usukani wa kupinda chini, tairi nyembamba karibu kipara, gia za kukimbia. Anatamani kuingia nayo kwenye mizizi, mchanga, mawe na matope bila kutafuta baiskeli ya pili. Kwa kiasi kikubwa inawezekana. Mambo yanayobadilisha safari zaidi nimeyatanguliza, kwa sababu nimeona watu wengi wakianza na vifaa vya mwisho kabisa kwenye orodha huku tairi zikiwa zilezile.

Nitajuaje kama yangu ni ya upande wa lami?

Tazama nafasi ya tairi kwenye fremu na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Ikiwa kikomo chake ni milimita 38 au 40, aliyeiunda alifikiria kasi kwanza. Tazama na gia: sproketi za mbele zenye meno 48 na 31, au 50 na 34 kama za baiskeli ya mbio, na kaseti ya nyuma inayoishia meno 30 au 34, ni dalili ileile. Halafu iendeshe. Baiskeli hizi huitika haraka mno. Ukigusa usukani kidogo tu, imeshageuka. Kwenye lami ni raha. Kwenye mteremko wa mawe, kokoto moja inatosha kuuvuta usukani mkononi mwako. Wepesi huo umo kwenye pembe za fremu na hauondoki, ila tairi na mkao mzuri huupunguza makali.

Nianze na nini?

Tairi, na upepo uliomo ndani yake. Ukifanya hayo mawili vizuri na usifanye lingine lolote, utakuwa umefika zaidi ya nusu ya safari. Tairi ndiyo shokapu ya baiskeli isiyo na shokapu, na ndiyo inayoshika ardhi unapopiga breki na unapokata kona. Usukani mpya hauwezi kukusaidia ikiwa gurudumu la mbele linaruka kutoka jiwe hadi jiwe kama mpira wa kitenesi.

Tairi pana kiasi gani itaingia kwenye fremu yangu?

Usiulize tu, pima. Spana za elkei zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu unene wake unajulikana: ya 4, ya 5, ya 6, ya 8. Jaza tairi upepo, kisha pitisha spana moja moja kati ya tairi na fremu. Pima kwenye bomba za chini za nyuma, karibu na ekseli ya pedeli, ambako ndiko hubana zaidi. Pima kwenye bomba za juu za nyuma, na chini ya kichwa cha foku. Kisha pima upana halisi wa tairi yenyewe, maana namba iliyoandikwa ubavuni si lazima iwe kweli: tairi iliyoandikwa 40 ikivalishwa rimu pana inaweza kufika 42.

Tuseme tairi yako ni 37 kwa kipimo halisi, na spana ya 8 inapita kila upande. Ukitaka kubakisha milimita 5, umepata 3 kila upande, kwa hiyo 43 ndiyo mwisho wako. Kumbuka tairi ikiongezeka upana huongezeka na kimo, kwa hiyo nafasi ya juu nayo ihesabu.

Milimita 5 si woga wa bure. Mimi niliwahi kubakisha 3 na kuona inatosha, kwa kuwa kwenye eneo kavu tairi haikugusa chochote. Siku ya matope, vikokoto vilinata kwenye udongo uliojaa kichwani mwa foku vikageuka msasa. Baada ya kilomita kama kumi rangi ilikuwa imeliwa ndani ya foku, na nyuzi za kaboni zinaonekana kwa macho. Nikaistaafisha foku ile.

Nimesikia magurudumu ya 650b yanaruhusu tairi pana zaidi. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa fremu nyingi za upande wa lami hii ndiyo njia ya pekee ya kuvaa tairi ya milimita 47. Hizo ni saizi mbili za magurudumu. Rimu ya 700c, iliyo ya kawaida, ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi inapokaa. Ya 650b ina 584. Fanya hesabu: 584 ukijumlisha 47 mara mbili unapata 678, sawasawa na gurudumu la 700c lenye tairi ya 28. Gurudumu linabaki dogo kwa nje huku tairi ikiwa nene.

Lakini linganisha na 700c yenye tairi ya 40, ambayo kipenyo chake ni 702. Ukitoka hapo kwenda 650b ya 47, baiskeli nzima inashuka milimita 12. Kwenye njia ya mizizi na makorongo, milimita 12 ndizo zinazoamua kama pedeli itapita juu ya kisiki au itakigonga. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: fremu yako ikikubali 700c ya 42 au zaidi, baki nayo, kwa sababu gurudumu kubwa linapanda juu ya vikwazo kwa urahisi zaidi. Ikiwa mwisho wake ni 35 kwa 700c lakini mtengenezaji ameidhinisha 650b, seti ya pili ya magurudumu ni uamuzi mzuri. Na hii ni kwa breki za diski tu. Breki za kubana rimu hazitaifikia rimu iliyosogea milimita 19 kuelekea katikati.

Nichague tairi yenye meno ya aina gani?

Kwa ardhi kavu, ngumu, yenye kokoto juu: tairi laini katikati, meno pembeni. Kwa mchanganyiko wa majani, udongo laini na mizizi: meno mafupi yaliyosambaa tairi nzima. Kwa matope: meno marefu yenye nafasi pana kati yake, ili udongo utoke gurudumu linapozunguka. Ukiweza kubadilisha moja tu, badilisha ya mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unalirudisha kwa kiuno. La mbele likiteleza, umeshaanguka kabla ya kufikiri.

Upepo kiasi gani?

Pungufu ya unavyodhani. Mtu aliyezoea lami anaona aibu kupanda tairi inayobonyea kwa kidole gumba, lakini porini ndivyo inavyotakiwa. Tairi ngumu haimezi jiwe, bali hulirukia, na kila mruko ni muda ambao huna breki wala usukani.

Kwa mtu wa kilo 75 kwenye tairi ya 40 isiyo na tyubu, psi 30 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) mbele na 32 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia; hiyo ni baa 2.1 hivi. Kwa tairi ya 45, teremka hadi 26 au 28. Ukiwa na tyubu ndani, ongeza kama 6 juu ya hapo, kwa sababu tyubu ikibanwa kati ya jiwe na rimu inapasuka matundu mawili kwa mpigo, kama imeng'atwa na nyoka. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Nyuma daima iwe juu kidogo kuliko mbele, kwani ndiko uzito ulikolala.

Hizo ni namba za kuanzia tu. Yako utaipata kwa kujaribu. Tafuta kipande cha njia cha dakika tano chenye mawe kidogo, kona, na mpando mfupi. Kwa jaribio hili anza juu kidogo, psi 36, kipite, punguza 2, kipite tena. Kuna mahali utahisi baiskeli inatulia ghafla, mikono inaacha kufa ganzi, na kwenye kona tairi inang'ang'ania. Endelea kupunguza hadi usikie rimu inagonga jiwe, au tairi inajikunja kwenye kona kama kiatu kisichofungwa kamba. Rudi juu psi 2. Iandike.

Mchanga ndio ulionifundisha haya. Nilikuwa na tairi za 38 zenye psi 55, kama nilivyozoea kwenye lami. Gurudumu la mbele lilizama, likakata kushoto, nikatua kwa bega. Wiki iliyofuata nilirudi palepale na tairi zilezile kwa psi 35. Mchanga ulikuwa uleule na nilipita nimekaa kitini, ninakanyaga taratibu.

Pampu zenye saa kubwa inayofika psi 160 hazisomi vizuri huku chini. Kipimo cha mkononi kinachoishia psi 60 ni kifaa kidogo chenye faida kubwa.

Ni lazima niende tyubulesi?

Si lazima, ila psi za chini nilizotaja zinakuwa salama zaidi bila tyubu, kwa sababu hakuna cha kubanwa. Miiba midogo nayo inakuwa si habari tena: dawa ya kuziba pancha inafunga tundu kabla hujajua limetokea.

Unahitaji rimu na tairi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, utepe wa rimu usiopitisha upepo, valvu zake, na dawa, takriban mililita 60 kwa tairi ya 40. Paka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi, jaza upepo kwa nguvu na kwa haraka. Utasikia paa! kisha paa! nyingine, hizo ni kingo zikikaa mahali pake. Zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba unaoizunguka tairi juu ya rimu. Ukionekana sawa pande zote, imekaa. Ukizama mahali, toa upepo, ongeza sabuni, rudia.

Dawa hukauka. Ikague kila baada ya miezi miwili au mitatu, na mapema zaidi kwenye joto. Wengi huwekewa tyubulesi wakasahau, na siku ya mwiba wanakuta ndani kuna ngozi kavu ya mpira. Rimu zisizo na ndoano, yaani zenye kingo zilizonyooka bila kipindo cha kuishika tairi, zina sharti lake: upepo usizidi baa 5, na tairi iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa rimu. Porini hutafika baa 5, lakini hilo la orodha lizingatie.

Gia zangu ni za lami. Nibadilishe?

Ukishuka na kusukuma kila mpando, ndiyo. Gurudumu la 700c lenye tairi ya 40 linasafiri mita 2.2 kila linapozunguka mara moja. Kwa sproketi ya mbele ya meno 34 na ya nyuma ya 30, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 9 kwa saa. Kwenye mpando mkali wa mawe hakuna anayekwenda 9 kwa muda mrefu. Unapunguza hadi 6 au 7, mizunguko inashuka hadi 40 na kitu, na sasa kila kanyago ni pigo zito. Pigo zito ndilo linaloifanya tairi ya nyuma izunguke bure kwenye kokoto. Kwa hiyo gia nyepesi hukupunguzia uchovu na pia huongeza mshiko.

Weka 38 mbele na 46 nyuma, na kwa mizunguko ileile 60 unakwenda kilomita 6.5 kwa saa. Huo ndio mwendo wa kupandia njia mbaya ukiwa umekaa.

Kizuizi ni direla, kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni. Kila direla ina ukomo wa meno. Katika seti ya gia ya Shimano GRX ya kasi 11, kwa mfano, ile ya RX810 inaishia meno 34 na RX812 inafika 42. Usilazimishe kupita kikomo kwa kuamini skrubu ya marekebisho. Na ukiongeza kaseti, urefu wa cheni upimwe upya: iweke kwenye sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma, na ihakikishwe kwamba direla bado ina nafasi ya kunyumbuka. Cheni fupi ikikazwa hapo inang'oa direla nzima.

Njia rahisi kuliko zote ni kupunguza sproketi ya mbele, ikiwa kranki yako inakubali. Kutoka 42 kwenda 38 unahisi tofauti siku hiyohiyo.

Ukienda sproketi moja mbele, chagua yenye meno mapana na membamba kwa kupishana, na direla yenye klachi, kifaa kinachoizuia kuyumba na kulegeza cheni. La sivyo cheni itacheza ngoma kwenye mteremko hadi idondoke.

Breki za diski nilizonazo zinatosha?

Kwa kawaida ndiyo, baada ya mabadiliko madogo. Ikiwa diski ya mbele ni ya milimita 140, panda hadi 160 kama foku inaruhusu. Kwenye foku nyingi kibao kinachoshika breki hugeuzwa tu. Pedi za metali hudumu zaidi kwenye tope na joto kuliko za resini, ila baadhi ya diski zimeandikwa kwamba ni za resini pekee, kwa hiyo isome diski kwanza. Pedi mpya zizoeshe: shika kasi ya wastani, bana hadi karibu usimame bila kufunga gurudumu, rudia mara kumi hadi ishirini. Breki za waya zinafanya kazi, ila mkono utachoka kwenye mteremko mrefu, na kiganja kilichochoka hakishiki usukani sawasawa.

Usukani je?

Usukani unaotanuka kuelekea chini, digrii 12 hadi 20 hivi, unakupa nafasi ya kusimamisha mikono kwa upana pale unapoteremka. Upana zaidi ni nguvu zaidi ya kuzuia jiwe lisikugeuze. Kama shingo ya usukani, kile kipande kinachouunganisha na foku, ni ndefu na imeinama, iweke fupi kwa sentimita moja na uipandishe kidogo. Kama waya za breki na gia zinapita ndani ya shingo, kazi hiyo ni ya fundi mwenye muda.

La muhimu kuliko usukani mpya ni mahali pa mikono. Teremka ukiwa umeshika chini, kwenye mapinda, vidole viwili kwenye breki. Hapo mkono umejifunga na mtikisiko hauwezi kuuruka, na nguvu ya kubana breki ni kubwa kuliko ukishika juu. Waliotoka kwenye lami huona kule chini ni kwa ajili ya kukimbia upepo tu, wakateremka wakiwa wameshika juu kwa hofu. Uzungushie utepe mara mbili, mikono itakushukuru.

Naweza kuweka foku ya shokapu ya baiskeli ya milimani?

Hapana. Foku ya kawaida ya changarawe ina urefu wa milimita 395 hivi kutoka ekseli hadi kichwani. Ya milimani yenye mchezo (kiasi inachobonyea) wa milimita 100 inakaribia 500. Kila milimita 20 unazoongeza mbele hulaza pembe ya usukani kwa karibu digrii moja, kwa hiyo utapata baiskeli iliyoinua kichwa, isiyogeuka, na yenye fremu inayobeba nguvu ambazo haikuundwa kuzibeba pale kichwani. Zipo foku za shokapu zilizotengenezwa kwa changarawe, zenye mchezo wa milimita 30 hadi 40, kama RockShox Rudy. Hata hizo, thibitisha kwamba fremu yako imeruhusiwa. Kwa wengi, shingo ya usukani yenye mpira ndani au nguzo ya kiti yenye kunyumbuka inatosha, na fremu inabaki ilivyo.

Pedeli na kiti?

Pedeli bapa zenye meno hadi uzoee njia, au za kunasa kiatu, zile za bolti mbili. Za bolti tatu za lami hujaa tope na hazitembeleki. Kiti kishushe milimita 5 ili upate nafasi ya kusogea nyuma. Tairi ikiwa kubwa zaidi, kagua kama ncha ya kiatu inaigusa ukigeuza usukani.

Fremu yangu itahimili?

Tafuta kibandiko au kitabu cha baiskeli. Kiwango cha ASTM F2043 kinazipanga baiskeli kwa matumizi. Baiskeli nyingi za changarawe ziko daraja la 2: lami, changarawe na njia zisizo mbaya sana, na kuruka kusizidi sentimita 15. Daraja la 3 ndilo la njia za mawe na miruko hadi sentimita 61. Tairi nene haiipandishi fremu daraja. Hapa naomba uwe mkweli na nafsi yako: ukijikuta unataka kuruka, hiyo ni kazi ya baiskeli nyingine. Bandika plastiki ya kinga chini ya bomba la chini, na ufa wowote utakaouona, simama.

Matope yananishinda hata kwa tairi sahihi. Nakosea wapi?

Pengine hukosei. Kwenye mbio za Unbound Gravel huko Kansas, Marekani, mwaka 2023, tope zito karibu na mwanzo liliwakamata hata waendeshaji wa kulipwa, wakabeba baiskeli mabegani. Udongo wa mfinyanzi ukianza kunata, shuka mapema, tembea kwenye majani, na ukwangue kwa kijiti bapa kabla magurudumu hayajagoma. Kukanyaga kwa nguvu wakati cheni imejaa tope ndiko kunakovunja direla.

Nibebe nini?

Tyubu moja hata kama ni tyubulesi, vijiti vya kuziba tundu kubwa, pampu, kiungo cha cheni, spana. Na sikio la direla, kile kipande chembamba cha alumini kinachoishikiza direla kwenye fremu. Limetengenezwa livunjike kabla ya fremu, na porini huvunjika kwa kijiti kimoja kuingia kwenye spoki. Kila fremu ina lake, ingawa nyingi mpya hutumia lile la kampuni ya SRAM liitwalo UDH, linaloingiliana kati ya fremu. Liagize leo kwa jina na mwaka wa fremu yako, ulifunge kwa utepe chini ya kiti.